Sola ya Kishapu: bwawa la MW 2,115 tunalo, MW 50 za jua za nini?

#1 Karani wa Zamani

Wakuu, habari za jioni. Niende kwenye mada.

Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mashine 9, kila moja megawati (MW) 235, jumla MW 2,115. Mwanzoni mwa 2025 kilele cha matumizi ya nchi nzima kilikuwa kama MW 1,900. Weka na gesi ya Kinyerezi na Ubungo, weka Kidatu, Kihansi na Mtera, umeme unabaki. Mwaka 2024 wenyewe walizima vituo kadhaa vya maji kwa sababu umeme ulizidi matumizi.

Sasa nielezwe. Mtambo wa sola wa Kishapu: mkopo wa shirika la maendeleo la Wafaransa (AFD), mkandarasi Mchina Sinohydro, mkataba wa 2023, eneo Ngunga kule Kishapu, Shinyanga, MW 50 kwanza halafu zifike 150. Za nini? Saa mbili usiku watu wamewasha taa, TV na feni, hilo jua linakuwa wapi?

Naomba hoja. Matusi pelekeni jukwaa la mpira.

#2 Kijana wa Maganzo

Mwangaluka. Mtu wa Dar akiona barabara inajengwa Shinyanga lazima aulize ya nini. Na sisi tulikaa kimya mlipojengewa mwendokasi.

#3 Fundi Mitambo

Karani, swali lako zuri ila umechanganya vitu viwili: ukubwa wa mtambo na umeme unaotoka. MW 2,115 ni uwezo maji yakiwepo na mashine zote zikizunguka. Kwa mwaka bwawa lilikadiriwa kutoa GWh 5,920 (GWh moja ni MWh 1,000, yaani umeme wa MW 1,000 kwa saa moja). Gawanya uone, ni kama theluthi moja ya ambacho mashine hizo zingetoa zikizunguka mwaka mzima bila kupumzika.

Jambo la pili ni umbali. Umeme wa Rufiji unapanda laini ya msongo (voltage) wa kV 400 hadi Chalinze, km 160, ndipo uanze safari ya kwenda bara. Hadi ufike Kanda ya Ziwa umesafiri mno, na mwisho wa laini msongo unashuka. Kuwa na chanzo cha kufua umeme kule kule kunaushikilia msongo mchana migodi inapofanya kazi. Sola ya Kishapu msiipime kwa MW peke yake, angalieni imekaa wapi.

#4 Mpwa wa Mtera

Fundi kaongea, ila mimi sababu naiona nyingine: ukame. Waliokuwepo 2006 wanakumbuka Mtera ilivyokauka tukaletewa majenereta ya kukodi, na skandali zake mnazijua, sitaji jina. 2011 mgao tena. 2023 tena, hadi mashine ya kwanza ya Rufiji ilipowashwa Februari 2024. Kila mara tunaambiwa "maji yamepungua mabwawani".

Na mwaka ambao mvua imegoma ndio mwaka ambao jua linawaka kweli kweli. Umeme wa maji ukilala, wa jua unaamka. Hiyo ni bima, na bima huwezi kuikata siku ambayo nyumba imeshashika moto.

#5 Sheikh Uniti

Bima ya MW 50 kwenye nchi ya MW 1,900? Hiyo bima ya bodaboda hiyo 😂

#6 Karani wa Zamani

Mpwa wa Mtera, nimekusoma. Ila swali la saa mbili usiku hamjaligusa hata mmoja.

#7 Fundi Mitambo

Naligusa. Mchana sola inapotoa MW 50, pale bwawani unafunga maji ya MW 50. Yale maji hayaendi popote, yanakusubiri usiku. Kwa hiyo jua la saa saba mchana unalitumia saa mbili usiku kupitia bwawa, bila kununua betri hata moja. Nchi isiyo na mabwawa ndiyo inayopaswa kuumiza kichwa na swali lako. Sisi tunayo.

#8 Stima Mtaani

Niaje majirani. Mkenya hapa, niwape ya sola yetu ya Garissa.

Ilizinduliwa Desemba 2019, ikiwa na paneli 206,272 kwenye hekta 85. Uwezo wake ni kama MW 54, mkopo wa benki ya China Exim. Walitarajia MWh 76,000 hivi kwa mwaka. Fanyeni hesabu: hiyo ni kama asilimia 16 ya umeme ambao MW 54 zingetoa zikifanya kazi mchana na usiku. Mkisikia kiongozi anasema "MW 50 zinatosha nyumba kadhaa elfu", muulizeni saa ngapi.

Lakini kilichotuuma sisi sio jua. Ni mikataba. Turkana walijenga mitambo ya upepo, MW 310, laini ya km 428 hadi Suswa ikachelewa, ikawashwa Septemba 2018. Huo muda wote upepo ulikuwa unavuma na serikali inalipa faini ya umeme ambao hakuna aliyeutumia. Hapo swali la kwanza liwe laini, paneli baadaye.

#9 Kijana wa Maganzo

Stima Mtaani, karibu. Kishapu laini ya kV 220 inapita pale pale jirani, ndio maana eneo likachaguliwa. Na backbone, ile laini kuu ya Iringa hadi Shinyanga, km 670, ilikwisha tangu 2016. Hilo la Turkana kwetu halipo.

#10 Mama Pamba

Naomba niongee kama mwenyeji, maana wote hapa mnaongelea megawati.

Kule kwetu ardhi ni mbuga, udongo mweusi ule. Mvua ikinyesha unavimba, kiangazi ukifika unapasuka mpaka mguu wa ndama unazama kwenye ufa. Nyumba za kijijini zimepasuka kuta kwa sababu hiyo. Sasa maelfu ya nguzo za paneli zimesimama kwenye udongo huo huo. Natumaini walichimba chini vya kutosha, kwa sababu udongo wetu hausomi mkataba.

La pili: eneo kama lile mwezi wa sita watu walikuwa wanalishia mabua baada ya kuvuna mtama na dengu. Ng'ombe hana habari na mkopo wa Mfaransa. Anazunguka uzio kutafuta njia yake ya malambo. Fidia hulipwa mwenye shamba, lakini njia ya mifugo ina mwenyewe?

#11 Ng'ombe Laki

Mama Pamba 🙌 Hapo kwenye njia ya mifugo umemaliza. Mchungaji hana hati, kwa hiyo kwenye karatasi hajapoteza kitu.

#12 Mtoto wa Mjini

Lakini si mnaweza kulisha chini ya paneli? Niliona video ya Ulaya kondoo wanakula majani chini yake, kampuni haitumii hata mashine ya kufyeka.

#13 Ng'ombe Laki

Kondoo sawa. Mbuzi je? Mbuzi wa Kisukuma ukimwingiza pale, jioni unamkuta amesimama juu ya paneli anaangalia Mwanza.

#14 Sheikh Uniti

😂😂😂 na hapo uniti zinashuka kabisa, kivuli cha mbuzi

#15 Bint Muscat

Assalaam aleikum. Mie nipo Oman, mume wangu anafanya kazi kwenye mitambo ya umeme, kwa hiyo haya mambo yamo ndani ya nyumba yangu kila siku.

Huku kuna Ibri II, MW 500, tangu 2022, kisha wakaongeza Manah. Jangwa tupu, hakuna anayelima, hakuna njia ya ng'ombe. Lakini usidhani ni raha. Vumbi. Ukiacha paneli wiki kadhaa unapoteza umeme wa kuonekana kwenye mita. Jangwani maji ni ghali, kwa hiyo wanatumia roboti zenye brashi zinazopita juu ya safu usiku, kavu kavu. Na joto pia: watu hufikiri jua kali maana yake umeme mwingi. Paneli ikipata joto inazidi kuvivia, kila nyuzi moja juu ya 25 inapoteza karibu asilimia 0.4. Mchana wa Julai kioo kinafika nyuzi 65, piga hesabu mwenyewe.

Shinyanga mna bahati, mpo juu, hakuna joto kama letu. Swali langu ni hili: mwezi wa tisa vumbi likija, mtaosha na maji gani?

#16 Kijana wa Maganzo

Maji ya Ziwa Victoria yanafika Shinyanga na Kahama kwa bomba. Ila dada yangu kuna vijiji bomba linapita na bado watu wanachota lamboni. Ukianza kuosha vioo kwa maji ya bomba mbele yao, andaa majibu.

#17 Fundi Mitambo

Nikazie la Bint Muscat. Kuosha hufanywa alfajiri kabla jua halijapanda. Ukimwaga maji ya baridi kwenye kioo chenye joto la saa nane, kioo kinaweza kupasuka. Na kinyesi cha ndege ni kibaya kuliko vumbi: vumbi linapunguza paneli nzima kidogo kidogo, kinyesi kinaziba seli moja, ile seli inageuka hita, inaungua.

#18 Hesabu Hazidanganyi

Wakuu tupige hesabu badala ya kubishana kwa hisia. Bwawa: Sh trilioni 6.5 kwa GWh 5,920 za mwaka. Kila MWh ya mwaka imetugharimu ujenzi wa kama Sh milioni 1.1.

Sola: wastani wa dunia kwa mitambo mikubwa mwaka 2023 ulikuwa dola 758 kwa kilowati. Nikipiga dola kwa 2,500 ni Sh bilioni 1.9 kwa MW. MW moja ya jua kwetu, tuseme inafanya kazi asilimia 20, inatoa MWh 1,750 kwa mwaka. Inakuja Sh milioni 1.08 kwa MWh.

Yaani zinalingana karibu shilingi kwa shilingi! Na sola unaijenga mwaka mmoja na nusu, bwawa miaka mitano na zaidi. Karani upo?

#19 Karani wa Zamani

Nipo. Nimeiona. Lakini bwawa linakaa miaka mingapi? Kidatu inatufulia umeme tangu miaka ya 70. Paneli ni miaka 25 na kila mwaka inapungua kidogo.

#20 Mpiga Debe wa Riba

Hesabu Hazidanganyi, hesabu zako zina mashimo mawili, tena makubwa.

Wastani wa dunia unavutwa chini na China na India, wanaotengeneza wenyewe na kukopa kwa riba ndogo. Hapa paneli zimepita bandarini, zimebebwa na lori hadi Kishapu, na mkopo ni wa fedha za kigeni. Sola karibu gharama zote unalipa siku ya kwanza, mafuta hakuna. Kwa hiyo riba ndiyo bei yake. Mkopo wa masharti nafuu, sola ni rahisi. Mkopo wa benki ya biashara, mradi huo huo paneli zile zile unageuka ghali. Halafu shilingi ikishuka deni linapanda, uniti inauzwa kwa shilingi.

Shimo la pili: hiyo trilioni 6.5 ni bwawa na mitambo. Laini ya Chalinze na vituo vyake hesabu yake ni nyingine. Ukiziweka, bwawa linapanda.

#21 Hesabu Hazidanganyi

Sawa, kwa hiyo shimo moja linaumiza sola na jingine linaumiza bwawa. Bado tuko sare 😀

#22 Msemakweli wa Tegeta

Ninyi mnahangaika na hesabu, jibu liko wazi. Mzungu ana pesa ya tabianchi, anataka kuikopesha. Ukimwomba ya gesi anakunja uso. Ukimwomba ya sola analeta kalamu. Tumejenga Kishapu kwa sababu ndicho kilichokuwa mezani. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay tunayo ardhini, yeye mwenyewe kwake anachoma gesi hadi leo.

#23 Mpwa wa Mtera

Hata kama, mkopo ni wa kile tunachokihitaji au sio? Ukipewa ngazi na jirani ambaye humpendi, huwezi kupanda juu ya paa?

#24 Msemakweli wa Tegeta

Ngazi nailipa na riba mkuu.

#25 Mie wa Unguja

Salamu kutoka visiwani. Sisi umeme wetu unapita chini ya bahari kutoka Bara. Desemba 2009 waya ukaharibika, tukakaa gizani mpaka Machi 2010, miezi mitatu Unguja nzima. Hoteli majenereta yananguruma usiku kucha, mashine za maji zimesimama, barafu ya samaki inatafutwa kwa tochi. Mwenye sola ya juu ya bati mwaka ule alikuwa mfalme, watu wanapanga foleni kuchaji simu.

Kwa hiyo mie nikisikia mtu anauliza "sola ya nini tunao umeme wa kutosha", nacheka tu. Umeme wa kutosha upo wapi, na unakuja kwa njia ngapi? Tatizo letu huku ni ardhi. Penye udongo pana mikarafuu na minazi, penye mawe pana hoteli. Shamba la hekta 85 tuliweke wapi, juu ya bahari?

#26 Mtoto wa Mjini

Lakini sola nyingi si ndizo zilizozima Hispania na Ureno nchi nzima, Aprili 28 mwaka 2025? Nilisoma gridi haiwezi kubeba jua.

#27 Fundi Mitambo

Hapana. Ripoti ya wataalamu wa Ulaya ilisema tatizo lilikuwa msongo kupanda kupita kiasi, mitambo ikajitoa mmoja baada ya mwingine. Ni kweli mchana ule sola ilikuwa nyingi sana, na ni kweli mingi ya mitambo hiyo haikuwa imepangwa kusaidia kudhibiti msongo. Lakini kusema jua limezima nchi ni kurahisisha. Sisi Gridi ya Taifa ilianguka Mei 4, 2024 bila sola yoyote ya maana. Na majirani zetu Kenya walizimika Agosti 25, 2023.

#28 Stima Mtaani

Usinikumbushe hiyo Ijumaa. Nilikuwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa.

#29 Sheikh Uniti

😂 ulienda kanisani na kofia?

#30 Bint Muscat

Narudi kwa Karani na saa mbili usiku yake. Kuna njia mbili nyengine za kuweka jua mpaka usiku. Moja ni vioo na chumvi ya moto kama Ouarzazate kule Moroko. Inapendeza kwenye picha, ila mnara wa Noor III ulipata uvujaji kwenye tangi la chumvi 2024, ukasimama muda mrefu. Ya pili ni betri. Kenhardt, Afrika Kusini, wameunganisha sola MW 540 na betri za MWh 1,140, na wameahidi gridi MW 150 kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu na nusu usiku. Mtambo unafanya kazi tangu mwishoni mwa 2023.

#31 Karani wa Zamani

Shukrani dada. Lakini ona: paneli MW 540 ili uahidi MW 150. Hapo ndipo bei halisi ya jua ilipo. Wanaotuuzia wanataja bei ya mchana.

#32 Fundi Mitambo

Karani, hapo nakubaliana na wewe asilimia mia. Lakini Afrika Kusini hawana Rufiji.

#33 Mama Pamba

Na Rufiji nayo ina wenyewe. Aprili 2024 maji yalipojaa watu wa Rufiji na Kibiti mashamba na nyumba viliingia majini, na ubishi wa kama ni mvua au bwawa haujaisha hadi leo. Kila umeme una mtu anayelipa mbali na mita. Kwenye jua mlipaji ni mfugaji, kwenye bwawa ni mtu wa bondeni.

Na ajira? Wakati wa kujenga vijana wanabeba vyuma, mama lishe wanauza, nyumba za kupanga zinajaa. Ukishakwisha wanabaki walinzi, wafyeka majani na mafundi wachache. Jua haliajiri. Mwadui pale pale Kishapu almasi inachimbwa tangu enzi za mkoloni na watu angalau wana kazi.

#34 Kijana wa Maganzo

Mayu, Mwadui nayo usiisifie sana. Novemba 2022 bwawa la tope lilipasuka likafunika mashamba na nyumba. Mimi afadhali jirani yangu awe kioo kinachokaa kimya.

#35 Mkulima Kitunguu

Jamani nimesoma uzi wote, elimu tosha. Mimi si wa megawati. Kuna fundi aliniuzia sola na betri za kuendesha mashine ya kusaga, betri zimekufa kabla hata sijarudisha nusu ya pesa, simu yake haipatikani. Sasa nataka kumwagilia vitunguu ekari mbili, nimeambiwa nichukue pampu ya sola. Niliwe tena?

#36 Hesabu Hazidanganyi

Pole mkuu. Mashine ya kusaga ni mzigo mzito, inavuta umeme mwingi inapoanza kuzunguka, ndiyo inayoua betri. Pampu ni tofauti: haihitaji betri. Jua likiwaka inasukuma maji kwenye simtanki juu ya kichanja, jioni unafungulia yanashuka yenyewe. Ni ile ile ya Fundi Mitambo na bwawa, ila ya lita 5,000.

#37 Karani wa Zamani

Hata huku mnanisema 😀 Haya. Lakini Kishapu bado sijashawishika. Wangesema ni kwa ajili ya msongo wa Kanda ya Ziwa, ningenyamaza. Wanasema ni kwa ajili ya "kuongeza umeme nchini". Basi waseme yapi ni yapi.

#38 Fundi Mitambo

Machi 2025 Rais mwenyewe alieleza kwamba kwa mikoa ya kaskazini ni afadhali kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwa sababu ya kiasi kinachopotea njiani kutoka kusini. Hoja ya umbali imeshasemwa hadharani, ila haikusemwa kwa Kishapu.

#39 Msemakweli wa Tegeta

Bwawa la trilioni 6.5 halafu tunanunua Ethiopia. Naomba maji ya kunywa.

#40 Mkulima Kitunguu

Hesabu, asante. Kisima changu kina kama mita 40. Wananitajia pampu ya wati 750 na paneli nne. Inatosha?

#41 Hesabu Hazidanganyi

Usiangalie wati kwanza. Kisima kuwa na mita 40 hakusemi maji yako mita ngapi. Funga jiwe kwenye kamba ujue maji yanaanzia wapi, halafu kodi pampu ya mafuta nusu siku uone yanashuka hadi wapi unapovuta, na yanarudi kwa kasi gani. Kisima chenye maji kidogo ukikiwekea pampu kubwa inavuta hewa inaungua. Ukishapata namba hizo mbili na urefu wa kichanja, ziandike hapa. Na paneli ziangalie kaskazini kidogo tu, wewe uko Mbeya au wapi?

#42 Mkulima Kitunguu

Niko Ruaha Mbuyuni. Jumamosi nitapima.